Kuwapata na kubaki nao: utafiti wa simu kwa waliotibiwa saratani Unguja na Pemba

Msimu wa tasnifu ukianza, maswali ni yale yale. Kwanza: "Nahitaji wanawake 40 waliotibiwa saratani ya matiti, wawe wa visiwa vidogo. Nitawapata wapi?" Baada ya miezi mitatu anarudi yule yule: "Walikuwa 40, sasa wanaojibu ni 17. Nifanyeje?" Nimechoka kujibu kwa vipande, basi haya hapa yote pamoja. Yasome mpaka mwisho kabla hujamnunulia mtu bando.

Hapa nazungumzia kazi inayotegemea simu: dodoso za mtandaoni, meseji za kila wiki, sauti za WhatsApp, programu ya kuandika maumivu na usingizi. Kutunga swali la utafiti au kuchambua takwimu kamuulize msimamizi wako.

Nazungumzia zaidi jamii ndogo, zile ambazo takwimu za jumla huzimeza. Marekani, ambako mambo haya yameandikwa sana, watafiti wamelalamika kwamba Mkorea, Mchina na Mjapani wanatiwa kapu moja la "Waasia" na huku hawasikilizani lugha. Sisi nasi tunalo kapu letu, "Wazanzibari". Ndani yumo mvuvi wa Kojani, bibi wa Tumbatu, Mngazija wa mjini, Bohora wa Mji Mkongwe, na mwanamke wa Makunduchi ambaye akianza Kikae, lahaja ya kwao, na mwenzake, wewe wa Chake Chake unabaki kutabasamu tu.

Uwe navyo kabla ya kuanza

- Kibali cha ZAHREC, kamati ya maadili ya utafiti wa afya Zanzibar. Bila hicho usimpigie mtu hata salamu. Wengi wa unaowatafuta wamepelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa mionzi. Kama utataka kumbukumbu zao za huko, huko nako kuna taratibu zake, na kibali cha Zanzibar peke yake hakikufungulii kabati la Dar.
- Mwanamke wa kwao. Simaanishi Mzanzibari tu, namaanisha wa kisiwa kile, wa lafudhi ile. Ukikosa bajeti ya kumlipa, punguza kitu kingine.
- Daktari au muuguzi aliyekubali, kwa jina na kwa simu, kumpokea mshiriki atakayekwambia ana uvimbe mpya au haoni tena sababu ya kuishi. Hili litakutokea.
- Simu mbili za majaribio: kiswaswadu kimoja, na simu janja ya bei ya chini iliyojaa picha.
- Laini za mitandao yote inayoshika pale. Usikisie ni ipi, nenda ukasimame uone.
- Fedha ya bando na nauli, iliyotengwa tangu siku ya kwanza.
- Kalenda ya maji, bamvua na maji mafu. Nitaeleza.
- Daftari la karatasi lenye kufuli yake. Orodha ya majina na namba za utambulisho ikae humo, mbali na majibu.

Hatua kwa hatua

1. Amua unamtafuta nani, na utamwita nani.

Kwenye pendekezo lako umeandika "manusura wa saratani". Liache humo humo. Huku kwetu neno manusura linakumbusha usiku wa Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba. Nilipomwita bibi mmoja hivyo alinitazama, akasema, "Mwanangu, mimi sikuzama." Wapo pia wasiotaka kuitwa mashujaa, na wapo wasiotaka neno saratani litamkwe nyumbani mwao, wao husema "maradhi yale". Muulize mwenyewe: "Ukitaja yaliyokupata, unasemaje?" Kisha tumia neno lake, hata kama halimo kwenye fomu yako.

Na usiandike "kabila" kwenye dodoso. Sensa ya mwisho kuuliza kabila nchini ilikuwa ya 1967, na kwa Zanzibar swali hilo linabeba mizigo ambayo utafiti wako hauwezi kuitua. Uliza alizaliwa wapi, anaishi wapi, nyumbani wanazungumza vipi. Utapata unachokitaka bila kumtia mtu wasiwasi.

2. Piga hesabu kwa kurudi nyuma.

Ukihitaji 40 mwishoni na ukakadiria kupoteza robo, gawanya 40 kwa 0.75. Inakuja 53 na kitu, basi anza na 54. Wanafunzi wengi huongeza robo ya 40, wakaanza na 50, na robo ya hao 50 ikitoka wanabaki 37. Kisha jiulize kama hao 54 wapo kweli. Pemba nzima, kwa sensa ya 2022, ina watu 543,441. Waliotibiwa saratani ya aina moja, wakawa hai, wakawa kisiwa kimoja, wanaweza wasifike hata ishirini. Bora ubadilishe muundo wa utafiti sasa, ufanye mahojiano ya kina na watu 15, kuliko kuwaandama watu wale wale mpaka wakuchukie.

3. Jaribu simu kabla ya kumtafuta mtu.

Chukua ile simu ya bei ya chini, panda gari ya shamba mpaka unakokwenda kufanya kazi, ukae barazani kwa mtu ujaze dodoso lako lote. Mtandao ukikatika, majibu yanahifadhiwa au yanapotea? KoboToolbox na ODK, programu za kujazia dodoso, huhifadhi kwenye simu mpaka mtandao urudi. Dodoso nyingi za kufungua kwa kiungo haziwezi hivyo.

Jengine ni kusoma. Bibi wa miaka 65 anaweza kuwa anasoma msahafu vizuri kabisa, na asisome meseji yako, kwa sababu alisomeshwa herufi za Kiarabu chuo cha Kurani, za skuli hakuzipata. Usimwandike "hajui kusoma", andika alivyo. Mtumie maswali kwa sauti, dakika moja au mbili, yaliyorikodiwa na yule mwanamke wa kwao. Tuliwahi kutumia sauti ya kijana wa Dar, safi kabisa, kama ya redioni. Wazee walisikiliza mpaka mwisho, wakaisifu, wakamrejeshea simu mjukuu. Hakuna aliyejibu.

Na jina la programu litazame kama jirani yake. Kwenye mradi mmoja niliofanya kazi, alama ya programu ilikuwa utepe wa waridi na chini yake neno "Saratani". Mtoto wa jirani aliazima simu kucheza mchezo. Jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Yule dada tulimpoteza, na kwa haki.

Usitarajie meseji zifanye kazi peke yake. Hapa Zanzibar ulifanywa utafiti wa wajawazito na simu, ukachapishwa 2012: vituo 24, wanawake 2,550, nusu ya vituo vikawa na meseji na vocha ya kumpigia mkunga. Waliozaa mikononi mwa mtaalamu walikuwa asilimia 60, na upande wa pili asilimia 47. Ila faida hiyo ilikuwa ya wa mjini, shamba tofauti haikuonekana. Bara nako waliwatumia meseji za upande mmoja wanawake waliokutwa na virusi vya HPV, vinavyoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, warudi kupimwa tena, na mahudhurio hayakupanda. Mtu wa shamba anataka pa kujibu. Basi kila ujumbe wako uwe na njia ya kukurudia bila kumgharimu: akibipu, unampigia.

4. Pita mlangoni, si dirishani.

Anza wilayani, kisha kwa sheha, kiongozi wa serikali pale mtaani. Sheha lazima ajue upo, lakini hana haja ya kujua unamtafuta nani. Mwambie unafanya utafiti wa afya za watu wazima, mwonyeshe kibali, kunywa chai, basi. Hapa wengi huharibu. Sheha mwema anataka kukusaidia, anakwambia, "Nipe orodha nikuitie." Ukimpa umemaliza kazi, maana watu watakuja kwa heshima ya sheha, wataweka saini kwa heshima ya sheha, na simu zako hawatazipokea.

Njia iliyonifaa ni muuguzi. Hospitali isikupe namba za wagonjwa, na ikikupa ukatae. Muuguzi anayewajua awapigie yeye: "Kuna mtu anafanya utafiti, ungependa akutafute, au nisimpe?" Anayekubali ndiye unayepewa namba yake. Utapata wachache zaidi kwa njia hii, lakini watabaki. Baadaye wao wenyewe watakuletea wenzao. Mwanamke aliyelala Dar wiki sita akisubiri mionzi anawajua wote aliolala nao wodi moja.

Wahudumu wa afya wa jamii nao wanafaa, wale waliokuja na Jamii ni Afya wakipita nyumba kwa nyumba na simu zao. Lakini wakufundishe njia na adabu za mtaa tu. Anayepita kwa wajawazito kila mwezi akianza kusimama nyumba moja ya bibi kizee, majirani wanahesabu.

5. Mara ya kwanza nenda mwenyewe.

Utafiti wa simu hauanzi kwa simu. Ikiwa ni lazima uvuke na boti kwenda Kojani kwa mtu mmoja, vuka. Kaa jamvini, usiharakishe kutoa kishkwambi.

Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo, bibi."
"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wa wapi wewe?"

Swali hili ndilo dodoso lake yeye, na wewe ndiye mshiriki. Jibu mpaka aridhike: wa wapi, mtoto wa nani, umeolewa, mama yupo. Hapo ndipo unaposema ulichokuja nacho, na unasema kwa maneno matatu tu: nitakuuliza nini, kwa muda gani, na kwamba ukichoka unaacha na hakuna dawa wala kliniki utakayokoseshwa kwa ajili hiyo.

Fomu ya ridhaa msomee kwa sauti. Asiyeandika ataweka dole gumba mbele ya shahidi anayemtaka yeye. Mumewe au mwanawe akitaka kusikiliza, na yeye akapenda, asikilize. Ila mume akisema "ndiyo" kwa niaba yake, hiyo si ridhaa. Sema, "Nitarudi wiki ijayo mpate kuzungumza," uondoke. Ukirudi, mtafutie nafasi ya kukaa naye peke yake hata kwa kisingizio cha kuonyeshwa bustani, umuulize upya.

6. Chukua zaidi ya namba moja.

Jaza haya kwenye lile daftari, siku ile ile:

- Simu hii ni ya nani, na nani mwengine huishika? Laini nyingi zimesajiliwa kwa jina la mume au mtoto.
- Watu wawili wengine ninaoweza kuwauliza nikikukosa. Wanajua kuhusu maradhi, au hawajui?
- Saa gani nipige, na saa gani nisipige kabisa?
- Akipokea mwengine, niseme mimi nani?

Hili la mwisho lisikufanye uongo. Usijiite shoga yake wa ushoni. Kubalianeni neno la kweli lisilotaja maradhi, kama "mtu wa utafiti wa afya", na meseji iwe fupi: "Asalaam aleikum. Ni wakati wetu wa kuzungumza. Nikupigie lini?" Hata ikisomwa na mtaa mzima haina kitu.

7. Wiki mbili za mwanzo usilale.

Mpigie ndani ya siku tatu, hata kama ratiba ya utafiti inasema mwezi. Muulize simu inasikika, sauti ilifunguka, bando liliingia. Wengi wanaotoweka hutoweka kipindi hiki, na mara nyingi ni kwa jambo dogo, kama simu kujaa na programu kugoma kufunguka, naye akaona haya kukwambia. Mtu akivuka wiki ya pili hali ikiwa njema, huwa anakaa.

Bando litangulie swali. Ukimwambia "tumia lako, nitakurejeshea", umemkopa mtu aliyeuza kuku kwenda kwenye mionzi.

8. Fuata maji, karafuu na ibada.

Ratiba ya "kila Jumatatu saa nne asubuhi" imetungwa ofisini. Mkulima wa mwani, siku za bamvua, maji yanapokupwa sana kati ya asubuhi na mchana, yumo baharini maji yako kiunoni na simu iko nyumbani. Mpigie siku za maji mafu, yasipokupwa sana, au baada ya alasiri. Mvuvi wa Kojani anakwenda dago, anapiga kambi pwani nyingine kwa wiki au miezi, na familia huenda ikamfuata. Muulize tangu mwanzo dago lijalo ni lini na wapi, na mtandao gani hushika huko. Msimu wa karafuu Pemba kila mkono uko shambani au kwenye majamvi, kwa hiyo fupisha maswali au yasimamishe. Ramadhani piga baada ya tarawehe, usipige kabla ya futari watu wakiwa jikoni. Aliyefiwa na mume anakaa eda miezi minne na siku kumi. Huyo hajakuacha, na wengine hata hupenda kupigiwa kipindi hicho, ila mwanamke ndiye apige.

9. Mikutano ya mtandaoni na vikundi: tahadhari.

Kikundi cha WhatsApp kinaonyesha namba ya kila mtu kwa kila mtu. Mjini haina neno sana. Kwenye kisiwa ambacho watu wote ni ndugu, kuwatia watu kumi kundini ni kuwatangaza. Tumia orodha ya utangazaji, kila mmoja anapata ujumbe peke yake. Wakitaka kundi wenyewe, mwulize kila mmoja kwanza, tena kwa sauti, si kwa kubonyeza.

10. Warudishie, na uwafiche.

Nusu ya safari watumie sauti ya dakika mbili: mpaka sasa tumesikia nini. Nauli ya kila mkutano ilipwe siku ile ile. Ukiandika ripoti, usiseme "mwanamke wa miaka 52, Kojani, saratani ya matiti". Umemtaja kwa jina. Unganisha shehia, unganisha umri kwa miaka kumi kumi, na kundi lenye watu chini ya watano usilichore peke yake kwenye jedwali.

Yakikwama

*Simu haipatikani siku tano.* Usitume meseji kumi. Jaribu laini ya mtandao mwengine, kisha mmoja wa wale watu wawili, kisha yule dada wa kwao apite. Kwa kawaida utasikia simu imeanguka baharini.

*Majibu yanakuja upesi, yote "nzuri, nzuri, nzuri".* Anayejibu ni mjukuu. Usimgombeze. Piga, umuulize bibi mwenyewe maswali mawili, na kuanzia hapo muhamishe kwenye sauti.

*Mume anapokea kila mara na anakata.* Simamisha simu. Muuguzi atamkuta mke mwenyewe siku ya kliniki, amuulize kama anataka kuendelea. Akisema hapana, mfute na umshukuru.

*Anakuuliza aache dawa anywe mitishamba.* Wewe si daktari, wala si polisi. Mwambie nani atamjibu, umpe namba ya yule mliyekubaliana, na kesho umuulize kama alipokelewa.

*Kila mtu anakwambia "inshallah".* Sikiliza sauti. Ipo inshallah ya ndiyo na ipo ya kukuondoa mlangoni kwa adabu. Yule mwanamke wa kwao anazijua zote mbili, na hii ni sababu moja zaidi ya kumlipa vizuri.

*Maradhi yamerudi.* Mpe nafasi ya kupumzika, ya kujibu kidogo, au ya kuacha, kwa maneno hayo hayo matatu. Wengine huchagua kuendelea mpaka mwisho, na usimwamulie.

*Amefariki.* Mradi mmoja ulikuwa na meseji zinazojituma zenyewe kila Ijumaa. Siku ya tatu ya msiba simu ya marehemu ililia ndani, watu wamejaa, mwanawe akaisoma: "Leo unajisikiaje?" Habari ikikufikia, fungua kompyuta uzime ujumbe wa namba hiyo kabla hujafanya lolote. Halafu, kama familia ilikujua, nenda kwenye khitma. Fomu na kishkwambi viache ofisini.